Bakuli Lisilo na Saini

Sehemu ya Tisa: Kaa la Moto la Mama Ayan

Nyinyi mliobishana wiki nzima kama kaa lilidondoka au halikudondoka, sogeeni, tunaingia ndani.

Tulimwacha Sylvestre sebuleni kwa Mama Ayan, kule Hodge Hill, Birmingham, kiatu kimoja mguuni, kingine mlangoni, pumzi juu juu. Mbele yake Mama Ayan, ambaye jina lake ni Luul, ameshika koleo. Kwenye koleo kuna kaa jekundu la kufukizia uunsi, ubani wa Kisomali. Chini ya kaa kuna bakuli la kioo, kijani na zambarau, lenye vipunje vya dhahabu. Ndani ya bakuli, mchanga kiasi cha kujaza viganja viwili.

"Mama Ayan, usiliachie," Sylvestre alisema.

"Nisiachie nini?"

"Ile kaa. Shika vile vile."

"Papa Sagesse, huu ni moto, si mtoto wa kubembelezwa. Sema haraka."

Sylvestre alijaribu kufikiri haraka. Kufikiri haraka hakukuwa kipaji chake. Angekuwa nacho, hadithi hii ingeisha sehemu ya pili, na mimi ningerudishwa kuandika matangazo ya vifo. Alichoweza ni kunyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya bakuli, chini kabisa ya kaa.

"Weka hapa," alisema.

Luul alimtazama. "Umelewa?"

"Mimi mlokole."

"Basi umerogwa."

Akageuka, akaenda jikoni, akalitupa kaa kwenye sinki. Likalia tssss. Sylvestre akakirudisha kiganja chake mfukoni. Hakuwa shujaa, na kiganja chenyewe kilikuwa kimeanza kujuta kabla ya moto kufika.

Sasa, kwa wale waliochelewa basi. Sylvestre, anayeitwa Papa Sagesse kwa jina la mtoto wake, ni mtu wa Bukavu, anakaa Newtown na mke wake Jeanne, na kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Hiyo ndiyo kazi inayojulikana na serikali. Kazi aliyojiajiri mwenyewe ni utaalamu wa vioo vya kale. Alitazama video, akanunua lenzi ya kukuzia akaitundika shingoni, akachapisha kadi zenye jina lake na neno Mtaalamu. Jeanne alipoziona kadi hizo aliuliza mtaalamu ni nani, kwa sababu angependa kukutana naye.

Bwana wa Luul, Korane, anasukuma vitanda pamoja na Sylvestre. Yeye ndiye aliyempeleka kwa jirani yao, Mama Darshana, mjane aliyezaliwa Kisumu. Mama Darshana alikuwa na bakuli. Marehemu mume wake, Raj, alimkabidhi bakuli hilo siku aliyoshuka kwenye ndege kutoka Kenya kuja kuwa mke wake. Raj aliapa kwamba ni Monart, kioo cha Perth, huko Uskoti, na kwamba alipewa na bibi mwenye nyumba aliyompangisha chumba, akaambiwa ampelekee bibi harusi.

Tatizo ni kwamba Raj aliapa mambo mengi maishani mwake. Aliapa aliwahi kumfukuza simba kwa pampu ya baiskeli. Ndiyo maana dada yake Mama Darshana, anayekaa Leicester, miaka yote hii alisema bakuli lile Raj aliliokota sokoni asubuhi ileile, alipokumbuka kwamba bibi harusi hapokewi mikono mitupu.

Mama Darshana alitaka jambo moja tu, mtu anayejua amwambie kama Raj alisema kweli. Na mtu anayejua akaja, lenzi shingoni, akaligeuza bakuli, akatafuta saini, akatafuta muhuri, hakuona. Akatangaza, "Mama, hii hapana kitu."

Msimlaumu sana. Sylvestre alikaa miaka katika kambi ya wakimbizi, akapanga foleni za kila aina. Asiye na muhuri hakupata unga, hakupanda ndege, hakuwa mtu. Lilikuwa somo lililomwingia kuliko shule zote, akalibeba mpaka kwenye vioo, ambavyo havijawahi kupanga foleni hata siku moja.

Katika sehemu iliyopita, kwenye kabati la nyumba ya mnada, akasoma kwa macho yake mwenyewe kwamba Monart haikuwa ikiandikwa saini. Ilibandikwa karatasi ndogo kwenye kitako, na karatasi ikishatoka imetoka. Kinachobaki ni umbo, rangi, na kovu la katikati, pale fundi alipolikata bakuli kutoka kwenye fimbo yake ya chuma na kupasugua pakawa laini. Alikimbia mpaka Hodge Hill akakuta picha ya Raj imeshushwa ukutani na bakuli limetolewa. Mama Darshana alikuwa amempa Luul, ambaye chetezo chake kilikuwa kimevunjika.

Sasa tumefika pamoja. Tuendelee.

"Geuza," Sylvestre alisema, akimwaga mchanga kwenye gazeti. Nina hakika halikuwa hili.

Luul alimulika kwa simu. Sylvestre akapitisha kidole kwenye kitako cha bakuli. Katikati, chini ya utando wa uchafu wa miaka, palikuwa na kitu cha mviringo kama sarafu, kimeinuka kidogo, laini. Kitovu. Alilishika bakuli kwenye mwanga akaona rangi haikupakwa juu. Ilikuwa imelala katikati ya kioo na kioo, kijani ikizunguka ndani ya zambarau, na viputo vidogo vikifuata mzunguko. Aliangalia tena kama kuna saini. Hakuna.

Hakukuwa na saini, na safari hii habari hiyo ilikuwa njema.

"Ni yenyewe," alisema. "Raj alisema kweli. Mama Ayan, lazima nimurudishie."

"Umrudishie nini? Hili nimepewa mimi."

"Mais, lakini ulikuwa unatia moto ndani. Ingepasuka."

"Na nani alisema si kitu? Si ni wewe? Nilisimama pale pale mlangoni kwa Mama Darshana nikisikia. Mtaalamu amesema si kitu, nikaweka makaa. Kwani makosa yangu ni kumwamini mtaalamu?"

Jibu la swali hilo hata mimi nimelitafuta tangu Jumanne sijalipata.

"Niko nakuomba pardon," alisema. "Nitakununulia chetezo mpya."

"Chetezo kinakuja na binti wa shangazi yangu kutoka Nairobi. Mimi nataka bakuli." Luul alikunja mikono. "Lile lako lenye samaki."

Sebuleni kwa Sylvestre, juu ya kabati la televisheni, kuna bakuli la bluu, nalo ni la Uskoti. Kwenye kitako chake pamepigwa muhuri wa samaki anayeruka. Muhuri mzuri, unaosomeka. Huwa analifunika kwa kitambaa. Siku mchungaji alipotaka kuligusa, Sylvestre alianzisha sala ya kufunga ghafla.

"Korane amekuambia kuhusu samaki?"

"Korane haniambii kitu kingine."

"Utaitia makaa?"

"Nitaitia halua. Mimi si mjinga, hiyo ina muhuri."

Sylvestre alimtazama usoni kuona kama anamtania. Alikuwa anamtania, na bakuli alikuwa analitaka vilevile. Sylvestre akafikiria picha ya Raj iliyoelekezwa uso ukutani kwa sababu yake. Akakubali. Nawaambia iliuma, na sitaki mtu acheke.

Simu ikalia. Jeanne.

"Sylvestre, weye uko wapi? Ulisema unaenda kununua mafuta."

"Niko Hodge Hill."

"Mafuta ya Hodge Hill iko na nini ile ya Newtown haina?"

"Jeanne, sikiliza. Ile bakuli ya samaki, uifunge mu gazeti. Tunaitoa."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa."

"Aksanti Yesu," Jeanne alisema, akakata simu.

Nyumba ya Mama Darshana ni ya pili kutoka kwa Luul. Walienda wote wawili, Sylvestre amelikumbatia bakuli, Luul nyuma yake kuhakikisha halikumbatiwi moja kwa moja mpaka Newtown. Mlango ulifunguliwa kabla hawajabonyeza kengele.

Mama Darshana aliliangalia bakuli, kisha akamwangalia Luul. "Nilikupa. Kwa nini unanirudishia takataka?"

"Auntie, msikilize huyu. Ana maneno yake."

"Yake nilishasikia."

"Mama, nilikosea," Sylvestre alisema.

Alikuwa ameandaa hotuba njia nzima, yenye salamu, utangulizi na sehemu ya Kifaransa. Likatoka hilo tu. Mama Darshana hakusogea mlangoni.

"Ulikosea nini?"

"Yote."

"Ingia basi. Lakini utakunywa chai kwanza. Nyumba hii hatupokei habari na koo kavu."

Wakakaa. Ukutani palikuwa na msumari na alama ya mstatili iliyong'aa kuliko ukuta wote. Picha ilikuwa sakafuni, uso umeelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Sylvestre aliiona tena, chai ikampalia.

"Unajua nilifanya nini ulipoondoka?" Mama Darshana alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilimgombeza. Pale pale, picha ukutani, nikamwambia Raj, simba nilikusamehe. Pampu ya baiskeli nilikusamehe. Lakini hii ilikuwa siku ya kwanza. Nilitoka kwenye ndege sijui mtu, sijui baridi, wewe ukanipa bakuli na maneno. Kama siku ya kwanza ilikuwa uongo, mimi niamini siku gani?"

Luul aliangalia kikombe chake. Sylvestre alijisikia mdogo kuliko kadi zake.

"Mama, mimi natafuta muhuri," alisema. "Kila kitu natafuta muhuri. Hata watoto wangu walipozaliwa, niliangalia kwanza ile kamba ya jina mkononi, kisha nikaangalia uso. Nilikuya hapa, nikaona bakuli haina karatasi, nikaifukuza. Vile walitufukuza siye. Niko naona haya."

Akasimama, akapiga magoti kando ya kiti chake, akaligeuza bakuli.

"Tia kidole hapa."

Mama Darshana alisita, akatia.

"Unasikia ile duara? Ndiyo kitovu yake. Fundi alikata pale, akasugua. Sasa angalia hapa ndani. Rangi iko katikati, kioo juu, kioo chini. Hii ya kung'aa si rangi ya dukani, iliyeyuka pamoja na kioo. Na saini haina, kwa sababu Monart hawakuandika. Walibandika karatasi, karatasi ilipotea. Vile ilivyo, mama, ni vile baba alisema."

"Perth?"

"Perth."

"Monart?"

"Monart."

Mama Darshana alibaki na kidole pale kwenye kitovu. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta. Alifurahi, na aliona aibu kwa yale aliyoyasema, na hakuficha hata kimoja. Kisha akainuka, akaichukua picha kutoka sakafuni, akaipangusa kwa ncha ya sari yake, akaitundika. Raj akarudi ukutani na masharubu yake, anacheka na watu wote.

"Nisamehe, mzee," alimwambia. "Lakini simba bado sikubali."

Luul alicheka mpaka akalia. Alilichukua bakuli mikononi mwa Sylvestre. "Wacha nilioshe. Hatumrudishii mtu mali yake na mchanga." Akaenda nalo jikoni, maji yakasikika, na harufu ya limau.

Hapa, wasomaji wangu, hadithi ingeweza kuisha. Mhariri aliomba hivyo. Amesema hadithi ya bakuli haina risasi, haina fumanizi, na kwamba wasomaji wa Tyseley wanauliza lini atakufa mtu. Lakini siwezi kuimaliza, kwa sababu Luul ni msafi.

Alirudi na bakuli linang'aa. Alikuwa amelisugua kwa limau na sabuni, utando wote wa miaka, wa mafuta ya kung'arishia fanicha aliyolipaka Mama Darshana, umetoka. Akaliweka dirishani, kitako juu, lijikaushe, akarudi jikoni kutafuta taulo. Jua la Birmingham, ambalo huonekana pale tu linapoweza kuharibu kitu, likatoka.

Lilipita kitakoni kwa mshazari. Sylvestre alikuwa anatazama tu, ameridhika, chai mkononi. Akaona mkwaruzo. Akasogea. Haukuwa mkwaruzo.

Kando ya kitovu, hafifu kama pumzi kwenye kioo, palikuwa na herufi zinazotembea kwa mwandiko wa mkono. Aliinua lenzi. V. Kisha a. Kisha s.

Hakuhitaji kusoma zaidi. Kwenye lile kabati la mnada, rafu ya chini ya Monart, kulikuwa na mabakuli mengine yanayofanana nayo kama ndugu. Na yalikuwa ndugu kweli. Baba mmoja na wanawe wawili waliiacha karakana ya Monart wakaanzisha yao mjini humohumo Perth, na hao ndio waliokuwa wakiandika jina la kioo chao kitakoni. Vasart.

Basi mtaalamu wetu aliposema halina saini, kwa hiyo si kitu, alikosea. Aliposema halina saini, kwa hiyo ni Monart, alikosea tena. Alikuwa ametafuta saini maisha yake yote, na siku ilipokuwepo kweli hakuiona, kwa sababu hakuosha. Alitaka kucheka. Lakini alitazama picha ya Raj ukutani, akaacha.

Perth ilikuwa kweli. Bibi mwenye nyumba, labda kweli. Lakini neno ambalo Raj aliliapia mbele ya kila mgeni, miaka hamsini na kitu, lilikuwa Monart.

Nyuma yake Mama Darshana alikuwa ameshika simu, anaongea Kigujarati kwa kasi, sauti imejaa ushindi. Kisha akageukia Kiswahili, kwa faida ya mgeni. Akabonyeza sauti ikatoka wazi chumba kizima.

"Dada, yuko hapa. Mtaalamu mwenyewe. Mwulize."

Sauti kutoka Leicester ilikuwa kavu, Kiswahili cha Kisumu kisichozeeka. "Wewe ndiye ulisema si kitu?"

"Ndiyo, mama. Nilikosea."

"Na leo unasema ni kitu. Kesho utasema nini? Mimi mumewe nilimjua. Alikuwa mtu mzuri, na alikuwa mwongo. Monart, Monart, kila chakula cha Diwali. Mjukuu wangu ananisomea hapa, anasema hiyo Monart haina saini. Kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi nijibu neno moja tu, sitaki lekcha. Hilo la dada yangu lina saini au halina?"

Angeweza kueleza. Ni familia ileile, mji uleule, mafundi walewale, na bibi wa Perth huenda mwenyewe alichanganya majina. Lakini maelezo yote hayo yanaanza na neno "lina", na dada wa Leicester asingesubiri la pili. Mama Darshana alikuwa anamtazama, uso bado umelowa, mkono mmoja kwenye fremu ya picha kuiweka sawa. Sylvestre alimpenda mama huyu wakati ule kama mama yake aliyemwacha Bukavu. Akasogea hatua moja, mgongo wake ukaliziba dirisha.

"Halina," alisema.

Leicester ikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza, nasikia, tangu Raj amuoe mdogo wake. Mama Darshana alifumba macho, akatabasamu. Na Sylvestre, mlokole, aliyepita kila foleni ya dunia bila kughushi hata karatasi moja, akajua kwamba amemdanganya mjane na kwamba angerudia.

Hakumsikia Luul akirudi na taulo. Luul alimzunguka, akalichukua bakuli dirishani, akaanza kulifuta, kitako kwanza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na mama yake kule Garissa. Mkono ukasimama.

"Papa Sagesse," alisema. "Hebu leta hiyo lenzi yako. Huku chini pameandikwa kitu."

"Ni mikwaruzo, Mama Ayan."

"Mikwaruzo gani ina herufi? Hii ni V."

"Nani huyo anasoma?" simu iliuliza.

Mama Darshana hakuijibu simu. Mkono wake ulitoka taratibu kwenye fremu. Alimtazama Sylvestre, akamtazama kwa muda ambao angeweza kusoma uso wake wote, juu mpaka chini, bila lenzi.

"Luul, lete hapa," alisema. "Na wewe, kijana, usitusaidie kusoma."